Mstari Nilioruka

Mwezi uliopita, kwenye kilio cha mkurugenzi wetu wa zamani, msichana mmoja alimnyoshea Nsimire simu ili aone picha ya marehemu, na Nsimire akaficha mikono yote miwili chini ya kitenge chake. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki uani kwa marehemu, kule Muhumba, mvua ikigonga turubai juu yetu na wanawake wa kwaya wakipumzika kidogo kati ya wimbo na wimbo. Sikuwa nimemwona Nsimire kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimtambua kwa meno. Yalikuwepo yote, meupe vilevile, na mimi niliyebakiwa na ya mbele tu nilisikia kitu kikinichoma hapa kifuani, kitu ninachokijua vizuri, nikasema moyoni: ah, Riziki, hata kwenye kilio cha watu? Yule msichana, mjukuu wa marehemu, alicheka, akamwita bibi. "Koko, shika tu, haiumi." Nsimire akatikisa kichwa. "Hapana, mutoto wangu, shikilia weye, miye nitaangalia. Mashini inakufaka mu mukono yangu. Uliza huyu maman hapa, tulitumika kazi naye." Akanielekezea kidevu. Na mimi, mwanamke mzima wa kushika rozari, nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli, mashine humfia mkononi.

Si kweli. Nilijua si kweli nilipokuwa naitikia. Mashine moja tu ilikufa mbele ya Nsimire katika maisha yake, na aliyeiua najua ni nani, najua alivaa nini siku hiyo na alikaa kiti gani. Sitawachosha hapa na habari za baba na mama, wala kijiji, wala masista walionifundisha kuandika bila kutazama vidole. Nataka mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, nchi ikiitwa Zaïre na sisi wote tukiitwa citoyen na citoyenne, yaani raia, majina ya ubatizo yakiwa yamekatazwa kwenye karatasi hata mtu akakaribia kuyasahau. Nilikuwa daktilo, mpiga taipu, katika kampuni moja ya kahawa ambayo sitaitaja. Imekufa siku nyingi, na wafu waachwe walale. Nilikuwa wa kwanza mle ndani. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu ni jambo pekee ambalo sikuhitaji kumwonea mtu wivu. Vidole vyangu vilikwenda mbio kiasi kwamba wageni waliokuja kumwona mkurugenzi walisimama mlangoni kunisikiliza.

Chumba chetu kilikuwa na madirisha mawili ya kutazama ziwa, lakini vioo vya chini vilipakwa rangi nyeupe ili tusitazame ziwa. Tulikuwa wawili, Nsimire na mimi, meza zetu zikielekeana, katikati mashine ya roneo ya kutoa nakala, iliyotuchafua wino hadi kwenye viwiko. Anayeandika leo hajui stensili ilikuwa kitu gani. Ilikuwa karatasi ya nta, ukigonga herufi inatoboka, na ukikosea unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya kuumiza kichwa, unapuliza, unangoja ikauke, unagonga tena ukimwomba Mungu. Mkurugenzi alikuwa anainua stensili kwenye mwanga wa dirisha na kuhesabu mabaka mekundu. Za kwangu zilipita safi. Za Nsimire zilikuwa kama uso wa mtoto mwenye surua. Aliandika polepole, akiuliza kila mara: "Riziki, 'marchandise' iko na 'c' ao na 's'?" Nami nilikuwa namjibu bila kuinua kichwa, na nilimpenda sana. Lazima niseme hilo pia. Ni rahisi kumpenda mtu anayekuuliza.

Saa sita tulikuwa tunakula pamoja katika gameli moja, bakuli la bati, mimi nikileta bugali, yeye sambaza, dagaa wa ziwani, alizokaanga mwenyewe asubuhi, na mboga ya lengalenga au sombe kwa zamu. Papa Comptable, mhasibu wetu, alikuja na ndizi zake mbili akakaa kwenye sanduku la karatasi, na hapo ndipo mazungumzo ya mashine yalipoanza kila siku. Sijui kwa nini watu wa zamani ile tulipenda hivyo kuhukumu mashine. Kila mmoja alikuwa na msimamo wake. Papa Comptable alipewa mashine ndogo ya kuhesabu, nzuri, yenye kutoa karatasi ndefu, naye aliitumia halafu akarudia hesabu yote kwa kichwa. "Mashini inaweza kudanganya. Kichwa yangu haijanidanganyaka," alisema. "Batoto ba leo, ile siku betri itakufa, batasimama ku soko kama mbuzi." Nsimire alitetea friji. "Miye iko naomba frigo tu, Papa. Maji ya baridi iko dawa." Papa Comptable akasema friji inaondoa utamu wa nyama. Nami nilisema kwamba nyinyi wote hamjui kitu, mashine yenye akili ni radio-kaseti, kwa sababu inarudia ulichosema bila kuongeza. Nilikuwa nayo moja, ya kuazima, na betri zake nilizianika juani kwenye bati kila Jumapili ili zipate nguvu ya kumalizia juma.

Halafu ikatangazwa kwamba ordinatere inakuja. Ndivyo tulivyoiita kompyuta, ordinatere, na kabla haijafika ilikuwa imekwisha kuhukumiwa. Papa Comptable alisema inakula watu kazi. Sentineli, mlinzi wa mlangoni, alisikia kwamba inaona ndani ya kuta. Mimi sikusema kitu, kwa sababu nilijua ni yangu. Ilikuwa na vitufe kama vya mashine ya kuandika, sasa ingekuwa ya nani? Nilishona blauzi mpya. Nilikata kucha. Asubuhi moja, tulipomaliza kuimba na kucheza mbele ya bendera kama ilivyokuwa lazima, mkurugenzi alitubakiza uani, akanyoosha kola ya abakosti yake, koti la wakubwa wa enzi ile, akasema kwamba kuna Mzungu wa kutoka Bujumbura atakayefunza mtu mmoja kwa mwezi mzima, na mtu huyo ni Citoyenne Nsimire. Nilifikiri amechanganya majina. "Na miye, Citoyen Directeur?" Alinitazama kwa upendo kabisa, nasema kweli, kwa upendo. "Weye, Riziki? Nikikutoa ku mashini yako, nani ataandika barua zangu? Nsimire hata akipotea mwezi moja, kazi haisimame." Watu walicheka. Nsimire mwenyewe alicheka, akaficha uso begani mwangu, na nilisikia joto la shavu lake kupitia blauzi ile mpya.

Miaka yote hii nimejiuliza kama ningeumia kidogo kama angechaguliwa kwa sababu ya uzuri, au ujamaa, au ukabila, mambo tuliyoyazoea. Lakini alichaguliwa kwa sababu hakuwa na faida! Mimi niliachwa kwa sababu nilikuwa hodari. Jambo hilo nililitafuna mchana na kulitafuna tena kwenye njia ya kupanda nyumbani Kadutu jioni, na kila nilipolitafuna lilikuwa chungu zaidi. Nilianza kuchelewesha majibu yake. "'Exportation' iko na 'x'?" Nikajifanya sikusikia. Nilianza kula upande wangu wa gameli tu, nikiweka mpaka kwa kijiko.

Wakamtengenezea chumba. Waliondoa mafaili katika stoo ya upande wa ziwa, wakapaka rangi, wakatandika zulia jekundu, na kioo cha dirisha hakikupakwa kitu, kwa hiyo Nsimire, akiinua macho, aliona maji mpaka ng'ambo ya Rwanda. Alipewa kiti cha kuzunguka chenye mto. Alipewa ufunguo. Kuingia ilibidi uvue viatu, na mkurugenzi mwenyewe niliwahi kumwona pale mlangoni na soksi iliyotoboka kidole gumba, akiingia kwa adabu kama anaingia sakristia. Mimi kiti changu kilikuwa cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya. Sikuwa na haja ya kwenda upande ule, lakini nilipata haja. Nilipeleka barua ambazo hazikuhitaji kupelekwa. Nilipita na kurudi, nikichungulia, na niliona herufi za kijani zikitembea kwenye kioo cheusi, na siku moja niliona jambo lililoniharibia usingizi kuliko zulia na kuliko kiti. Nsimire alikosea neno. Akagonga kitufe kimoja, na kosa likaondoka. Hakuna dawa nyekundu, hakuna kupuliza, hakuna baka. Karatasi ilipotoka kwenye printa, na kelele ile kama ya cherehani yenye hasira, ilikuwa safi kama zangu. Mkurugenzi aliiinua kwenye mwanga wa dirisha kwa mazoea, akatafuta mabaka, akakosa. "Ona," akaniambia mimi, "sasa muko sawa."

Sawa! Leo wajukuu zangu wananiuliza kwa nini nachukia simu inapokumalizia neno kabla hujaliandika. Nawaambia macho yangu hayaoni vizuri. Ukweli ni kwamba nikiona neno linajiandika lenyewe, namkumbuka mkurugenzi amesimama dirishani na ile karatasi.

Juma la pili, Mzungu wa Bujumbura alimpa mkurugenzi kitabu cha mashine, kwa Kifaransa, na ndani yake ukurasa mmoja wa maonyo. Nikaitwa niuandike kwa herufi kubwa, ili ubandikwe ukutani kwa Nsimire. Mistari kumi na miwili. Kusiwe na vumbi. Kusiwe na jua. Izimwe kabla ya kufunikwa. Ifunikwe kabla ya kufagia. Nilikuwa naandika kwa ile mbio yangu, na mlango ulikuwa wazi, na Nsimire akapita na kikombe cha chai akielekea chumbani kwake, akiimba. Mstari wa saba ulisema: maji au kinywaji chochote kisisogezwe karibu na mashine, hasa ikiwa imewashwa, maana itaharibika kabisa. Nilikisoma kile kikombe na nikausoma ule mstari. Kisha vidole vyangu vikatoka kwenye wa sita vikaenda kwenye wa nane. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuruka mstari, kabla wala baada. Nilitaka kitu kidogo tu. Nilitaka siku moja amwage tone la chai, mashine ikohoe, mkurugenzi ampigie kelele mbele ya watu, basi. Nilifikiri wivu ukipewa kitu kidogo unashiba. Nikarudisha kitabu kwa mkurugenzi, naye akakifungia kwenye kabati la chuma, na orodha ya mistari kumi na moja ikabandikwa ukutani, safi, bila baka hata moja.

Chai haikumwagika. Nsimire alikuwa mtu wa adabu. Kumbe alikuwa anakunywa amesimama mlangoni, kwa ajili ya zulia. Nilingoja wiki tatu, mpaka Mzungu akamaliza mwezi wake akarudi Bujumbura. Ndipo mkurugenzi akasema mashine itabarikiwa. Kwetu hilo halikumshangaza mtu. Kila lori jipya la kampuni lilibarikiwa pale uani kabla ya kwenda kubeba kahawa Bunyakiri. Nyumba ilibarikiwa, cherehani ya mwanamke ilibarikiwa, hata mashine ya kukoboa mpunga kule Luberizi ilibarikiwa, na mimi mwenyewe nilishika ncha ya kitambaa cha maua kilichoifunika siku ile. Sasa kitu cha thamani namna hii kibaki bila baraka, kama kitu cha kuokota? Wakubwa wa Kinshasa wangekuja. Mbuzi wangechinjwa. Na abbé, padri wa parokia yetu, angebariki, mtu mwema mwenye sauti ya kujaza kanisa bila mikrofoni, ambaye hakuwahi kuwa bahili wa maji. Akikubariki, unaenda nyumbani kubadili nguo.

Asubuhi ya siku hiyo Nsimire aliingia katika chumba cha daktilo, amevaa kitenge kipya cha rangi ya udongo, ameshika mandazi mawili katika karatasi. Tangu apate kile chumba hatukula tena pamoja, lakini alikuwa hajaacha kuniletea. Aliweka moja kando ya mashine yangu. Akasimama. "Riziki," akasema, "weye uliandika ile liste. Ile kitabu ya Muzungu uliisoma yote. Haikusema kitu juu ya maji? Ju abbé anamwangaka mingi, na Directeur anataka mashini ibakie yenye kuwaka, ju bageni baone jina yao mu kioo." Nakumbuka andazi lilikuwa la moto bado. Nakumbuka vidole vyangu vilikuwa juu ya vitufe na havikugonga. Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, "funika", na mwaka ule ungekuwa mwaka wa kawaida, nisingekuwa nauandika leo. Nikainua kichwa, mimi ambaye siku hizo sikuinua kichwa kwa ajili yake, nikamtazama usoni. "Maji ya baraka haiharibu kitu, Nsimire. Si ni maji ya Mungu?" Akapumua. Akacheka na yale meno. "Kweli, ma chère. Miye naogopaka bure. Weye unajua." Akaenda kuvaa viatu vya sherehe ambavyo angevivua tena mlangoni.

Tulijaa mle chumbani, wote na soksi, wakubwa mbele, sisi nyuma. Nsimire alikaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, mgongo wima, na kwenye kioo herufi za kijani ziliandika KARIBUNI na jina la kila mgeni. Wakubwa waliguna kwa furaha. Abbé alisoma sala ndefu, akaombea mashine isitumiwe kwa uongo wala wizi, tukaitikia. Kisha akachovya tawi kwenye ndoo ndogo. Mara ya kwanza, kwa jina la Baba, maji yalimwangukia Nsimire kichwani, akafumba macho. Mara ya pili, kwa jina la Mwana, yalianguka kwenye vitufe. Mara ya tatu abbé alichovya tawi mpaka mkono, akalitupa juu, na mimi niliyaona yale maji yakiingia kwenye vitundu vya juu ya kioo, tone kwa tone, niliyaona. Ilitoa mlio kama yai kwenye mafuta ya moto. Mwanga wa buluu. Halafu moshi mwembamba, na majina ya wakubwa yakazimika yote kwa mara moja. Mtu fulani nyuma yangu, aliyefikiri ni sehemu ya ibada, akasema: "Amina."

Haki, nilikaribia kucheka. Ndivyo nilivyokuwa. Kisha nikaona uso wa Nsimire, maji bado yanamtiririka kwenye nyusi, mikono yake yote miwili iko juu ya vitufe, anavigonga polepole kimoja kimoja, kana kwamba kimoja kati ya hivyo kitakuwa ni kile cha kufuta kosa. Mkurugenzi alimpigia kelele, ndiyo, mbele ya watu, kama nilivyotamani. "Si weye ulipewa kuichunga? Ju ya nini hukusema kitu?" Nsimire aligeuka akanitafuta katikati ya watu. Nilitazama soksi zangu. Akamgeukia tena mkurugenzi, akajibu: "Sijui, Citoyen Directeur." Hakunitaja. Nilimshukuru Mungu kwamba hakunitaja, na papo hapo nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwa kuwa mtu anayeweza kunyamaza namna ile.

Mzungu alirudi baada ya siku nyingi, akaifungua, akasema ni maji tu, kwamba wangemwaga bia ingekuwa vilevile. Lakini alikuwa amechelewa. Kwenye sanduku la karatasi, saa sita, Papa Comptable alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. "Abbé alibariki camion saba hapa. Kuko hata moja ilikufa? Maji iko ile ile. Basi tafuteni nini ilibadilika." Hakusema jina. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu hesabu itoke. Lakini kwa mchana mmoja maneno yalifika jikoni, kutoka jikoni yakafika sokoni, kutoka sokoni yakafika kwenye kwaya alikoimba Nsimire: kwamba maji ya baraka yameunguza kitu mbele yake, na maji ya baraka hayaunguzi bila sababu. Wanawake waliokuwa wakikaa naye benchi moja wakaanza kuhama. Posa iliyokuwa inakuja ikapunguza mwendo, kisha ikapotea njia. Nami kila siku nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikula upande wangu wote wa gameli na upande wake pia. Mwisho wa mwezi ule aliniaga mlangoni na kikapu kichwani, anakwenda kwa shangazi yake Luberizi kulima mpunga. "Unisalimie mashini," alisema. Hakuwa anatania.

Mashine nyingine ilikuja mwaka uliofuata, na mkurugenzi, aliyejifunza, akasema safari hii apewe anayejua kazi. Nilikaa kwenye kile kiti. Kilizunguka. Ziwa lilikuwa pale. Nilipata kila kitu nilichokitaka kwa mpangilio uleule nilioutaka, na jambo la kwanza nililofanya kabla ya kugusa kitufe ni kubandua ile orodha ukutani na kuandika nyingine, yenye mistari kumi na miwili. Nimefanya kazi na mashine hizo mpaka nikastaafu. Nimefundisha vijana wa watu. Na hakuna siku niliyofuta neno kwenye kioo bila kutazama mlangoni.

Basi, pale kwenye kilio. Kwaya ilikuwa haijaanza tena. Niliona mikono ya Nsimire chini ya kitenge, ikitembea kama mikono ya mtu anayetafuta ufunguo, na nikaelewa kwamba hakusema maneno yale kwa kuchekesha watoto. Miaka yote hiyo hajagusa simu, hajagusa cherehani. Mjukuu wake anamwashia hata redio, aliniambia mwenyewe. Nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. "Nsimire. Ile liste ya ukutani. Kulikuwa mustari juu ya maji. Niliuruka. Na asubuhi ile uliniuliza, nilikuwa najua." Mvua ilipiga. Alinitazama kinywa, si macho. "Ulikuwa unajua." "Nilijua. Nilikuwa na wivu." "Wivu ya nini?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli, kama zamani alipouliza 'c' au 's'. "Ya kiti," nikasema.

Nilifikiri atanipiga, na ningefurahi. "Riziki," akasema, sauti ya chini, "kuanzia ile siku sijapokeaka komunyo mu mukono. Nafunguaka kinywa tu. Mapadri bote ba Luberizi banafikiri ni heshima ya bazee. Weye ulisema maji ya baraka haiharibu kitu, na weye ulikuwa unajua yote. Basi nikasema, kama iliharibu, ni miye Mungu iko anakatala. Nilitafuta nini nilifanya. Nilitafuta zambi, nikakosa, nikatafuta tena. Nilimuzalia bwana wangu batoto bane, kila moja nilikuwa naogopa kumushika." Akatoa mikono chini ya kitenge, akaiweka juu ya magoti, akaigeuza, akaitazama viganja. "Miaka yote hii nafikiri ni Mungu. Kumbe ni weye tu."

Kisha akamwita yule msichana. "Leta ile simu, mutoto wangu." Aliipokea kwa mikono miwili. Hakujua kugusa wapi, akagusa, picha ikakua, uso wa mkurugenzi wetu ukajaa kioo kizima na kola yake ya abakosti, na Nsimire akatoa sauti ndogo ya mshangao. Aliitazama, akaisogeza, akairudisha. Nami nilinyoosha mkono nipokee, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu, nilikuwa nimekaa kando yake. Akaipitisha kwa mama wa upande wa pili.